Ajali Haina Kinga?

Wahenga wetu wametuachia methali nyingi, na nyingi ni dawa. Lakini iko moja ambayo kila nikiisikia huwa naigeuzageuza kabla ya kuimeza: ajali haina kinga. Utaisikia msibani, utaisikia redioni, utaisikia kijiweni Mwanga pale wazee na vijana wanapokunywa kahawa. Boti imezama, ajali haina kinga. Basi limepinduka, ajali haina kinga. Ikianguka ndege ndiyo kabisa, maana ndege wengi wetu tunaiona kwa chini tu, tumbo lake, ikishuka kiwanjani. Methali ikishatamkwa watu wanaitikia "kweli kabisa", wanatikisa vichwa, halafu mazungumzo yanahamia kwenye Simba na Yanga.

Siibezi methali hiyo. Mfiwa anahitaji kitu cha kushika, na mtu wa dini anajua kwamba ajali na ajali zina Mwenyewe. Swali langu ni jingine. Methali ya kumfariji mfiwa inapogeuzwa kuwa jibu la swali "ilikuwaje?", je, tunakuwa tumewatendea haki waliokufa? Na wale watakaopanda kesho?

Nimelelewa Ujiji katika nyumba ambayo methali hiyo ilikuwa haitamkwi ovyo. Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa ndege. Aliondoka hapa kijana, kwa treni, na baada ya kuhangaikahangaika akaishia Nairobi, kwenye karakana za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki pale Embakasi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1946 likafa mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya yenyewe ilipovunjika. Babu akarudi Ujiji. Mali hakurudi nayo. Alirudi na sanduku la spana na tabia moja ambayo majirani waliiona kama kichaa kidogo: kila jioni alihesabu vifaa vyake, kimoja kimoja, hata siku ambayo hakugusa kazi.

"Mzee, hapa Ujiji ni nani ataruka?" Bibi alikuwa akimtania.

Naye alijibu palepale, hana haraka: fundi wa ndege akimaliza zamu huhesabu vifaa. Bisibisi moja ikikosekana ndege hairuki, hata kama ndani amekaa waziri. Kwa sababu bisibisi iliyopotea haijayeyuka. Iko mahali, na huenda mahali penyewe ni ndani ya injini.

Jambo la pili alilopenda kutueleza ni saini. Kila kazi aliyoifanya kwenye ndege aliiandika kitabuni, akatia saini. Sisi wajukuu tulidhani saini ni ya kuchukulia mshahara. Yeye alisema saini ya fundi ni kama kiapo: mimi fulani nimekaza nati hii, ikifunguka nitafuteni. Hebu fikiria, ndugu msomaji, ni watu wangapi katika nchi hii wanaofanya kazi zenye roho za watu ndani yake bila kutia saini popote!

Kuna ajali moja aliyoisimulia kwa vidole. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya shirika lao, aina ya VC10, ilikuwa ikiruka kutoka Addis Ababa kwenda Roma na London. Ikiwa mbioni kwenye njia ya kurukia, tairi la mbele likakanyaga kipande cha chuma, kile cha kuwekea jeki, ambacho kilikuwa kimelala pale njiani. Tairi likapasuka. Rubani akaamua asiruke, akakanyaga breki. Breki hazikushika inavyotakiwa, kwa kuwa sehemu moja ya mfumo wake ilikuwa imeunganishwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikavuka mtaro, ikaanguka na kuwaka. Walikuwamo watu 107, wakafa 43.

Babu hakuwahi kuisimulia habari hii kwa kusema "fundi mmoja aliua watu". Alikuwa anainua mkono na kukunja vidole. Chuma. Tairi. Breki. Mtaro. "Vidole vinne," alisema. "Ondoa kimoja tu, hao wanafika Roma."

Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba vile vidole vinne ni falsafa nzima. Akili ya binadamu inapenda kidole kimoja. Inataka mtu mmoja mwenye jina ambaye tukimpata tutalala usingizi. Na ikimkosa mtu, inamtafuta Mungu au inamtafuta mchawi, ilimradi kidole kiwe kimoja. Mimi naona anayesema "ni kazi ya Mungu" na anayesema "ni yule rubani mzembe" wanagombana bure. Wote wawili wamefunga jalada. Wote wawili wameacha kuuliza.

Tazama ajali ya Nairobi ya tarehe 20 Novemba 1974. Jumbo la Kijerumani, Boeing 747 la Lufthansa, lilikuwa linaruka asubuhi kwenda Johannesburg. Babu alikuwa kazini. Alisema waliona moshi kabla ya kusikia chochote. Watu 157 walikuwamo, wakafa 59, na ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa ndege ya aina hiyo kuanguka na kuua watu. Ilikuwaje? Mbele ya bawa kuna vibawa vidogo vinavyojitokeza wakati wa kuruka ili viisaidie ndege kuinuka. Siku hiyo havikutoka, kwa sababu vali za hewa ya kuvisukuma zilikuwa zimefungwa. Ndege ikainuka kidogo, ikakosa nguvu, ikarudi chini.

Haya, tumempata mtu! Mhandisi wa ndege, yule anayekaa nyuma ya marubani, hakufungua vali, na wenzake hawakugundua. Kweli, alishtakiwa kwao kwa uzembe, na mwaka 1981 akaachiwa. Lakini uchunguzi ulifanywa na watu wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, nao hawakuishia kwenye kosa la wale watu wa mbele. Waliuliza swali gumu zaidi: kwa nini ndege kubwa namna ile haikuwa na kitu cha kutosha cha kumwonya rubani kwamba vibawa havijatoka? Na hapo ndipo panapouma. Kosa hilohilo lilikuwa limeshatokea mara mbili kabla ya Nairobi, kwenye ndege nyingine za aina hiyo, na taarifa ilitolewa. Ila mara zile marubani waliwahi kuiokoa ndege, hakufa mtu, basi ikaishia hapo. Kengele ya kuonya iliwekwa baada ya wale 59.

Kwa hiyo ajali isiyoua ndiyo somo la bei rahisi kuliko yote, nasi ndilo tunalolitupa. Hata hapa kwetu. Tarehe 9 Aprili 2012 ndege ya Air Tanzania, Dash 8, ilishindwa kuruka kiwanjani Kigoma, ikatoka njiani na kuharibika kiasi cha kutofaa tena. Ndani walikuwamo abiria 35 na wahudumu wanne, na wote walitoka wazima. Mtaani nilisikia "Mungu mkubwa", na kweli ni mkubwa. Lakini sikumbuki mtu aliyeuliza kitu cha pili. Wangekufa, tungeuliza kwa wiki mbili. Walipopona, hatukuuliza hata siku mbili.

Sasa, dunia ya ndege ina kanuni moja ambayo ukiisikia mara ya kwanza inakera. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 una kiambatisho chake cha 13, na humo imeandikwa kwamba lengo pekee la kuchunguza ajali ni kuzuia ajali nyingine. Uchunguzi haupo kwa ajili ya kugawa lawama wala kumtafuta wa kulipa. Niliwahi kuisema kanuni hii kijiweni, jamaa mmoja akaweka kikombe chini.

"Yaani mtu aue watu arobaini, halafu mumwambie tumejifunza? Hiyo ni sheria ya wakubwa hiyo."

Sikuwa na jibu la haraka, na hoja yake siyo ya kupuuzwa. Haki nayo ina njaa yake. Mama aliyempoteza mwanawe hashibi kwa kuambiwa kwamba kengele imewekwa. Ila kuna jambo nililoliona kwa macho yangu hapa ziwani ambalo lilinisaidia kulifikiria.

Boti moja ya abiria ilikuwa inatoka Mwamgongo kuja Kibirizi, mashine ikazimika katikati ya safari. Walielea kwa saa kadhaa, watu wanatapika, kina mama wanasali, mpaka boti nyingine ikawavuta. Walipofika ufukweni watu walikuwa wamechemka. Walitaka kumpiga kijana wa mashine, mtoto wa miaka kumi na saba hivi. Babu alikuwa pale kwa shughuli zake. Akamwita yule kijana pembeni, akamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamwambia: "Mwanangu, hakuna atakayekugusa. Nieleze tangu ulipojaza petroli." Kijana akaeleza. Petroli ilikuwa na maji. Maji yaliingia kwa sababu pipa lilinyeshewa mvua. Lilinyeshewa kwa sababu halina kifuniko. Kifuniko kilipotea tangu miezi mingi, na mwenye boti alijua, na abiria wenye kupanda kila wiki walijua, maana walikuwa wanaliona pipa na gunia lililotupiwa juu yake.

Je, kijana angepigwa kwanza, angesema nini? Angesema mashine ni mbovu. Au angesema ziwa lina wenyewe. Na lile pipa lingebaki wazi mpaka leo.

Kwa hiyo nilimrudia yule jamaa wa kijiweni na jibu hili: mahakama na uchunguzi ni nyumba mbili, na zote zijengwe, lakini zisitumie mlango mmoja. Aliyekusudia ubaya apelekwe mahakamani. Lakini fundi aliyekosea akijua kwamba kusema kweli ni kwenda jela, ataificha nati mfukoni, na ndege ya pili itaanguka kwa nati ileile. Kutolaumu ni bei tunayolipa ili tuuziwe ukweli. Jamaa akacheka, akasema, "Na yule anayechukua bei na ukweli haleti?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye ajali ambayo kwa namna fulani ilipita mbele ya mlango wetu.

Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, ndege ya DC-6 iliyotoka Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ilipita juu ya Ziwa Tanganyika. Haikuwa njia ya mkato. Ilizungukia mashariki ili kuikwepa Katanga, ambako kulikuwa na vita na ndege ya kivita ya kuogopwa, ikashuka na ziwa kuelekea kusini, ndipo ikashika njia ya Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ndani alikuwamo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, anakwenda kuonana na Moise Tshombe wa Katanga ili mapigano yasimame. Tanganyika yetu ilikuwa haijafikisha hata miezi mitatu kabla ya uhuru. Wavuvi wa dagaa, kama kawaida yao, huwa ziwani usiku na taa zao. Huenda wapo waliosikia mngurumo wa injini nne wakainua vichwa.

Ilipopita saa sita ya usiku ndege ile ilianguka msituni, kiasi cha kilometa 15 kutoka kiwanja cha Ndola. Walikuwamo watu 16. Mmoja tu, mlinzi aitwaye Harold Julien, alikutwa hai, akaishi siku chache hospitalini. Alitamka maneno juu ya mlipuko, yakachukuliwa kuwa ni ya mgonjwa anayeweweseka.

Ndege hiyo haikuwa na kisanduku cheusi. Kifaa hicho kilikuwa bado kigeni. Aliyekibuni, David Warren wa Australia, alikuwa mtoto wa miaka tisa baba yake alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1934. Basi pale Ndola, badala ya kisanduku, kulikuwa na watu: wachoma makaa wa Kiafrika, waliokuwa macho usiku wakichunga matanuri yao. Baadhi yao walisema waliona angani ndege ya pili, ndogo, au waliona mwanga na moto kabla ile kubwa haijaanguka. Tume ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1962 haikuupa uzito ushahidi wao, ikahitimisha kwamba ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, ilishindwa kukitaja chanzo, lakini haikukubali kufunga milango mingine. Na baadhi ya wachoma makaa waliofika kwenye mabaki mapema walifungwa jela kwa wizi wa vitu vya ndege.

Tazama mizani hiyo. Rubani alikuwa maiti, na maiti haulizwi sanda, akabebeshwa kosa. Mchoma makaa alikuwa hai, akaulizwa, lakini hakusikilizwa, kwa kuwa ni mweusi, ni maskini, na anayoyasema hayawafurahishi wenye nchi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuchunguza ajali siyo kazi ya vyuma peke yake. Lazima kwanza uamue macho ya nani ni macho. Ukishasema kwamba mtu wa aina fulani hawezi kuona, umeshaandika nusu ya ripoti kabla hujafika msituni.

Ilichukua karibu miaka hamsini kwa watafiti kurudi kwa wale wazee, kuketi nao na kuwasikiliza upya. Kitabu cha Susan Williams kikatoka mwaka 2011, maswali yakafufuka, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukateua jopo jipya. Aliyepewa kuliongoza ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu wetu. Tangu mwaka 2017 ameendelea na kazi hiyo peke yake. Ripoti yake ya mwaka huo ilisema kwamba inawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, ila jambo hilo halijathibitishwa. Na katika ripoti zake amerudia neno moja: kuna mataifa yenye nguvu ambayo bado hayajafungua kumbukumbu zao zote.

Hilo sasa ndilo jibu langu kwa jamaa wa kijiweni. Anayechukua bei na ukweli haleti, huyo hana haki ya bei hiyo. Kanuni ya kutolaumu iliwekwa kumlinda yule kijana aliyekaa juu ya ndoo, aseme habari ya pipa. Haikuwekwa kumlinda mwenye pipa anayefunga ofisi na kuondoka na ufunguo. Mchoma makaa alisema aliyoyaona, akapata dharau. Wenye makabati yaliyojaa nyaraka wamenyamaza, nao wanaitwa waheshimiwa. Kama lawama ina mahali pake pa halali, nadhani ni hapa: kwa mtu anayejua na hasemi.

Na tusidhani kwamba dharau ile ilikuwa ya wakoloni tu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwamo. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisimulia jinsi alivyopambana na mlango kwa kasia, na jinsi alivyojaribu kuwafikia marubani mpaka yeye mwenyewe akazimia. Alipewa shilingi milioni moja na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vizuri sana, alistahili. Lakini kumfanya mvuvi shujaa ni rahisi kwetu kuliko kumfanya shahidi. Shujaa anapigiwa makofi, anapigwa picha, basi. Shahidi anaulizwa: ulifika dakika ya ngapi, ulikosa kitu gani mkononi, nani alikuja baada yako na alikuja na nini? Na majibu yake yanaandikwa, na yanamlazimu mtu fulani ofisini kununua kamba, boti na mitungi ya hewa.

Sisi tunaoandika tunahusika hapa, msiseme ni mambo ya wahandisi. Ajali ikitokea, wengi wetu tunakimbilia shairi la kulia. Tulie, ndiyo, lakini tukishamaliza kulia tuende Kibirizi, tuende Ujiji ufukweni, tumuulize anayevuta nyavu, anayejaza petroli, anayefagia kiwanja, mama anayeuza mihogo nje ya uzio ambaye ameona kila ndege iliyotua kwa miaka ishirini. Tuandike wanavyosema, hata kama hakipendezi. Kile kipande cha chuma cha Addis Ababa kililala mahali ambapo mtu mwenye macho angeweza kukiona. Pipa letu liliwekwa wazi mbele ya watu wote.

Sitaifuta methali ya wahenga, sina umri huo. Ajali ya kwanza inaweza ikawa haina kinga, maana hakuna aliyeijua. Ila ya pili inayo, na kinga yenyewe ni habari za kweli za ile ya kwanza. Ikitupata mara ya pili, tusimsingizie Mungu.